Kaye ya Yaya delege

Wiki jana kwenye grupu yetu ya WhatsApp kijana mmoja mwenye amemaliza ISTM, chuo cha ufundi wa afya, hapa Bukavu juzi juzi aliuliza: "Yaya, hizi kotizo za sendika na za Ordre zinatusaidia nini sisi?" Ni ile michango yenye sisi infirmiye, wauguzi, tunalipa kwa sendika, chama cha wafanyakazi, na kwa Ordre, baraza la kazi yetu. Watu wakatuma vikatuni vya kucheka, mwingine akaandika ni ya kula wakubwa tu, mimi nilitaka kujibu palepale lakini nilikuwa gardi, zamu ya usiku, na serumu ya kitanda cha 8 ilikuwa inaisha, nikarudisha simu mfukoni. Leo niko nyumbani Kadutu, umeme umerudi, nijibu kwa urefu juu hiyo swali ni ya haki, hata mimi nilikuwa nayo.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili wa kazi, kwenye hospitali moja ya hapa mjini. Gardi ilikuwa inaanza saa 11 jioni mpaka saa 1 asubuhi, infirmiye wawili kwa vitanda 38. Kulikuwa mama mmoja wa sezaryeni, alizaa kwa kupasuliwa, kidonda kimepona, mtoto mzima ananyonya vizuri, lakini alikuwa amebakishwa pale siku 19 juu faktiri, bili ya hospitali, ya dola 185 haijalipwa. Ile usiku umeme ulikatika. Mwenzangu alikuwa amekwenda laboratware kutafuta damu ya mtoto wa malaria, mimi nilikuwa nimeshika simu kwa meno ili itoe mwangaza, natafuta mshipa wa mzee mmoja mwenye mikono ilikuwa imekauka kabisa. Saa 9 usiku nikapita kwa yule mama. Kitanda kimetandikwa vizuri, shuka ya hospitali imekunjwa juu ya mto, yeye na mtoto hawapo. Mpaka leo simuwazii vibaya, mtu amekaa siku 19 analala na kitoto chake akisubiri franga zenye hazikuwa zinatoka popote.

Asubuhi jestionere, msimamizi wa feza za hospitali, akaniita kwa biro. Karatasi ilikuwa imeshapigwa kwa mashine, jina langu ndani, kwamba nakubali kukatwa primu mpaka faktiri iishe. Primu yangu, ile posho, ilikuwa dola 45 kwa mwezi. Mshahara wa Serikali sikuwa nao juu sikuwa na matrikuli, namba ya mfanyakazi wa Serikali, kwa hiyo hiyo 45 ndiyo ilikuwa nyumba, chakula, na masomo ya mdogo wangu. Hesabu ni miezi 4 na zaidi ya kufanya kazi bure. Akaniambia "Saini tu dada, wote wanasaini." Kalamu nilikuwa nimeshaishika.

Sasa kwa mlango akapita mama mmoja wa materinite, wodi ya wazazi, infirmiye wa miaka mingi, delege yaani mwakilishi wa sendika, sisi wadogo tulikuwa tunamwita Yaya delege. Alikuwa amebeba sahani ya sindano. Akaniangalia mimi, akaangalia karatasi, akasema kwa sauti ya chini tu: "Mtoto, hiyo usisaini leo. Omba uende nayo nyumbani uisome." Nikaomba hivyo, mdomo unatetemeka.

Mchana akaniketisha nyuma ya buanderi pale wanapoanika mashuka, akatoa kaye. Kaye ya kawaida ya watoto wa shule, kona zimejikunja, na kila mstari ulikuwa na tarehe, servisi, infirmiye wangapi walikuwa gardi, wagonjwa wangapi, faktiri ya nani ilikimbia, nani alikatwa na kiasi gani. Akahesabu kwa kidole kutoka juu mpaka chini. "Wewe ni wa 11." Mimi nilikuwa nafikiri niko peke yangu! Nilikuwa na haya mpaka hata mume wangu sikuwa nimemwambia, nikiona ni uzembe wangu, kumbe kulikuwa watu 10 mbele yangu na kila mmoja alibeba haya yake kimya nyumbani kwake.

Barua aliyoandika haikuwa na tusi hata moja. Kichwa cha sendika juu, orodha ya mistari 11, kopi kwa Inspeksio ya Kazi na kwa daktari mkuu wa zoni ya afya. Mstari mmoja naukumbuka kwa moyo: infirmiye analinda mgonjwa, halindi mlango. Baada ya majuma mawili wakatuita kwenye mkutano, karatasi yangu ikafutwa na ile tabia ya kukatia infirmiye wa gardi ikasimama. Lakini wale 10 wa mbele hawakurudishiwa hata franga moja, na hiyo inaniuma mpaka leo, mmoja alikuwa ameshaacha kazi anauza vitenge soko ya Kadutu.

Ndugu yangu kijana, njo hiyo jibu langu la kwanza. La pili ni kwamba Ordre na sendika si kitu kimoja, na nyinyi mnavichanganya. Ordre ya infirmiye imewekwa na sheria namba 16/015 ya tarehe 15 Julai 2016. Madaktari walikuwa na yao tangu 1968, angalia vizuri hiyo tofauti, miaka 48 sisi tunachoma sindano, tunazalisha, tunaongoza santre za afya huko vijijini kama infirmiye titileri, mkuu wa santre, na hakuna daktari karibu, na hatukuwa na mahali pa kusema nani ni infirmiye na nani si infirmiye. Ordre inaandika jina lako kwenye tablo, orodha yake, na inalinda maadili ya kazi, ukimdhuru mgonjwa kwa makusudi ndiyo itakuita wewe, haiko pale kukutetea tu. Mtu mwenye amenunua diplome na amevaa bluzi nyeupe, adui yake ni Ordre. Sendika kazi yake ni mkataba wako, primu, saa za gardi, mapumziko. Na sajifamu, wakunga, wako na SCOSAF yao, chama chao cha kazi, ile inashughulika na ufundi wenyewe wa kuzalisha na kuusemea mbele ya wakubwa. Usiende kwa Ordre kulia primu halafu urudi ukisema haisaidii.

Mapigano ya kuandikisha infirmiye kwenye daftari hayakuanza kwetu. Uingereza kulikuwa mama mmoja, Ethel Bedford Fenwick, alianzisha chama cha wauguzi mwaka 1887 ili wapate daftari la Serikali, na sheria ikatoka 1919. Miaka 32! Jina lake ndilo likaandikwa namba 1. Huyo huyo ndiye alikuwa rais wa kwanza wa ICN, baraza la wauguzi la dunia, lenye lilianzishwa 1899. Na wakati wa korona, vile serikali nyingi hazikuwa zinahesabu wauguzi wake wanaokufa, ICN ikakusanya hesabu kutoka vyama vya kila nchi, Oktoba 2020 ikatangaza 1,500 kwenye nchi 44, na ikasema wazi kwamba idadi ya kweli ni kubwa kuliko hiyo. Nilivyosoma hiyo niliona kaye ya Yaya delege moja kwa moja.

Hapa kwetu listi ni maisha. Wale wanaoitwa N.U. (Nouvelles Unités), wenye wanafanya kazi miaka na miaka bila matrikuli, bila mshahara, bila primu ya risiki, jina lao likikosa kwenye listi yenye inapanda Kinshasa, huko ni sawa hawajazaliwa. Ni sendika ndiyo inakimbiza hizo listi, inalinganisha, inauliza kwa nini jina la huyu limeruka. Hata kwenye mgomo, ni sendika inapanga servisi minimamu, watu wachache wa kubaki kazini, ili irijansi na materinite zisifungwe. Na tangu Februari 2025 vile vita viliingia mjini na benki zikafunga, mimi nimeona delege wakitembea servisi kwa servisi na karatasi wakiandika nani hajapata mshahara wake na tangu lini.

Lakini wenye mnalalamika, kwa sehemu nawaunga mkono. Sendika ni nyingi mno, kuna zenye rais wake hatujawahi kumuona uso, na kuchukua kotizo mwaka mzima bila kusoma rapori ya feza mbele ya watu ni vibaya, ni kuua imani ya watu wenye primu ya dola 45. Lipa, halafu simama uulize ilienda wapi. Mwenye halipi, wanamnyamazisha kwa neno moja tu.

Yaya delege amepumzika kazi, anakaa Bagira, macho yamechoka. Kaye aliniachia mimi, nimeongeza ya pili kwa kuwa ya kwanza ilijaa.

Na wewe kijana, baada ya yale maneno ya grupu uliniandikia pembeni, ukanitumia picha ya karatasi yenye wamekupa kwa ajili ya mgonjwa aliyeondoka usiku wa gardi yako. Nimeiona. Usiisaini. Nimekuandika, mstari wa 27, nabakia tu kujaza mlikuwa infirmiye wangapi ile usiku na vitanda vingapi, nitumie hiyo leo. Jumapili saa 8 mchana tutakutana, njoo na orijinali.