Jua la Los Angeles, Joto la Dar

Albamu ya Crazy for You ya Best Coast, kundi la muziki la Los Angeles, ilitoka Julai 2010, wakati California ikiwa katikati ya kiangazi na sisi huku Dar es Salaam tukijifunika shuka kwa baridi ya kipupwe. Niliisikiliza mara ya kwanza katika msimu huohuo wa kusi na haikunigusa. Nilikuja kuipenda Januari, chumbani kwangu Sinza, saa nane mchana, feni ikizungusha hewa ya moto na bati likilia kwa joto. Tangu siku hiyo nimewasikilizisha watu wangu wa karibu, na maoni yao yamenifunza mengi kuhusu albamu hii.

Binamu yangu, ambaye ni mwalimu wa Kiingereza, hakuipenda hata kidogo. Alisema kwamba maneno yake ni machache mno, kwamba dada anayeimba anamkumbuka mtu, anamngoja, kisha anamkumbuka tena, na kwamba vina vyenyewe angeweza kuvitunga mtoto wa darasa la nne. Rafiki yangu mpiga gitaa la solo, aliyekulia katika nyimbo za bendi za dansi za Msondo Ngoma na Sikinde, alikuwa na lalamiko jingine: nyimbo kumi na mbili kwa takriban nusu saa, hakuna chemko, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, wimbo unakwisha kabla hujainuka kitini. Hapo nakubaliana naye kwa kiasi, maana nyimbo za katikati zinafanana mno. Hata hivyo, alisifu jinsi sauti ya Bethany Cosentino ilivyopangwa tabaka juu ya tabaka na kuzamishwa katika mwangwi, kama yalivyosikika makundi ya wasichana wa Marekani ya miaka ya 1960, huku magitaa ya Bobb Bruno yakikwaruza kwa chini.

Maoni yaliyonikaa zaidi ni ya mama mdogo, ambaye hajui Kiingereza. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, akasimamisha mkono, akaniuliza, "Mwanangu, huyo binti analilia nini?"

Nilishangaa, kwa sababu karibu kila anayeizungumzia albamu hii huitaja kuwa muziki wa ufukweni, wa kustarehe. Mama mdogo alisikia kilichomo. Cosentino alikuwa amekwenda New York kusoma, akashindwa kuvumilia kuwa mbali na kwao, akarudi Los Angeles. Naye anaimba juu ya mtu anayempenda asiyempenda yeye, na katika wimbo mmoja amepoteza kazi, anamkumbuka mama yake na anatamani paka wake angeweza kuzungumza. Paka huyo, Snacks, ndiye aliye kwenye jalada. Jua limejaa nje, lakini mwimbaji yumo ndani.

Naamini kwamba msikilizaji wa Dar ana nafasi nzuri ya kulielewa jambo hilo, kwa kuwa sisi jua la mchana hulikimbia. Coco Beach tunakwenda jioni, likishapoa, tukala mihogo ya kukaanga kwa kachumbari na pilipili. Mchana wa Februari mtu hujilaza sakafuni, ameshika simu isiyoita, na wazo moja likimrudia kichwani kwa maneno yaleyale. Ndiyo sababu siwezi kumkubalia binamu yangu. Mwenye upweke wa namna hiyo hana maneno mengi, na kumtafutia mengine kungekuwa kumsingizia.

Jumapili iliyopita mpiga solo alikuja nyumbani na gitaa lake kavu, akaupiga ule wimbo wa paka barazani, bila mwangwi, na polepole kuliko ulivyorekodiwa. Binamu yangu alikuwa pembeni akisahihisha madaftari. Ulipokwisha alimwomba aurudie.