Lushoto au Udzungwa: nilivyopanga safari ya kikoba chetu

Kikoba chetu kilivunjwa mwezi wa sita, hela ikabaki kidogo, kina mama wakasema safari hii Bagamoyo hapana, tumechoka, tunataka mlima. Watu 14. Kupanga nikaachiwa mimi eti kwa sababu ndo napenda kuzurura. Kwenye grupu la wasapu ikawa vita, nusu wanataka Udzungwa nusu Lushoto, na wengi hata hawajafika kote kuwili.

Mimi moyo wangu ulikuwa Udzungwa kusema ukweli. Nikatangulia mwenyewe kwenda kuangalia, unapita Mikumi, unakata kushoto kwenda Kidatu, unashukia Mang'ula geti lilipo. Nikapanda maporomoko ya Sanje, yale ya mita 170, na jamani pale ni pazuri, msitu umefunga mpaka mchana kuna kigiza, mbega wekundu wanaruka juu ya kichwa chako, unafika juu unaingiza miguu kwenye maji ya baridi na chini unaona mashamba ya miwa ya Kilombero yametandazwa kama mkeka. Nikapiga picha nikawatumia, grupu zima likahamia Udzungwa saa hiyohiyo.

Sasa wakati wa kushuka, njia ni mteremko mkali, mizizi na mawe, mapaja yangu yanatetemeka, nikamkumbuka Shangazi. Shangazi ni mwenzetu, ana miaka 63 na goti lake la kulia huwa linagoma bila taarifa. Nikamuuliza askari niliyekuwa naye, mtu akishindwa katikati hapa mnafanyaje? Akanijibu bila hata kugeuka, "Tunambeba." Mle ndani hakuna barabara ya gari, hifadhi nzima ni kwa miguu. Halafu kiingilio kinahesabiwa kwa kila kichwa kwa saa 24, kwa hiyo Shangazi akibaki getini hela ya kupanda imeenda bure, na akibaki gesti amekuja kufanya nini?

Basi nikaanza kuuliza habari za Lushoto kwa jicho hilo. Kule unatembea kijiji kwa kijiji: siku ya kwanza unatoka mjini unapita msitu wa Magamba mpaka Lukozi, ya pili Rangwi unalala kwa masista, ya tatu Mtae. Njia inaingia msituni inatoka kwenye shamba la kabichi inaingia tena, na karibu kila inapokutana na barabara kuna bodaboda kakaa anasubiri. Hapo mimi nikawa nimemaliza, nikawaambia ni Lushoto, wakanuna siku mbili wakatoa hela.

Nilikosea kitu kimoja. Nilipowaandikia kwamba gaidi atatupokea Lushoto mama mmoja akapiga simu anatetemeka, gaidi gani tena, ikabidi nieleze ni muongoza wageni tu, ndo wanavyoitwa mtaani. Na huyo muongozaji wa kwanza niliyeongea naye alinipa bei, kesho yake akaongeza ya chakula, keshokutwa ya kijiji, nikamwacha nikatafuta mwingine aliyenipa bei ya jumla kwa maandishi, kulala, kula na ushuru wote ndani. Hilo fanyeni kabla hamjatuma hata shilingi.

Zile kona za kutoka Mombo kupanda Soni nusu ya kosta ilitapika. Rambo zilishapigwa marufuku tangu 2019 kwa hiyo tulibeba ndoo mbili zenye mifuniko, na sijutii. Baridi ya mwezi wa saba nayo usiulize, watu walilala na vitenge vitatu juu ya blanketi.

Shangazi siku mbili alitembea vizuri tu, anaimba kabisa. Ya tatu goti likagoma kama saa moja baada ya kutoka Rangwi, tukasogea barabarani, boda akaja, akafunga kitenge akapanda upande upande akatuacha na vumbi. Sisi Mtae tumefika jioni tumechakaa, tunamkuta kakaa ukingoni kabisa, mbele yake nyika yote ya Mkomazi, mahindi ya kuchoma mkononi, na pembeni gunia zima la viazi ameshalilipia, anatuuliza kosta ina nafasi kiasi gani.