Nusu Inayobaki

Nina orodha fupi ya mambo yanayonikera, na mengi yaliyomo ni madogo mno hata mtu akiniuliza ni nini kilichoniharibia asubuhi yangu huona haya kumjibu. Mlango unaoachwa wazi na mtu wa mwisho kutoka, kalamu inayorudishwa bila kifuniko, mtu anayesimama katikati ya ngazi ili asome simu yake: hayo huniudhi, kisha hupita. Yasiyopita ni ya aina moja tu, nayo ni yale yanayonipa nusu ya jambo na kuniacha nikiisubiri nusu ya pili.

Bomba linalodondosha maji usiku ndilo lililonifungua macho. Tone moja likianguka kwenye beseni halinisumbui. Kinachonisumbua ni lile linalofuata, ambalo haliji pale nilipolitarajia bali kabla kidogo au baada kidogo, nami nimelala chali, macho darini, nahesabu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba udhaifu ni wangu, hadi niliposoma kuhusu mwanafizikia wa Marekani, Robert Shaw, aliyechapisha mwaka 1984 uchunguzi wake wa bomba linalodondosha na kuonyesha kwamba maji yakifikia kasi fulani, muda kati ya tone na tone hupoteza mpangilio na hautabiriki tena. Huenda bomba langu halikuwahi kufikia kasi hiyo, lakini niliupokea ushahidi huo kwa mikono miwili.

Nafuu ililetwa na utafiti mwingine. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakitumia kamera ya kasi kubwa na maikrofoni, walieleza kwamba mlio ule hautokani na tone kuyagonga maji, bali na kipovu kidogo cha hewa kinachonaswa chini ya uso wa maji na kutetemeka, na kwamba sabuni ya kuoshea vyombo ikitiwa ndani ya maji, mlio hukoma. Saa nane ya usiku niliinuka, nikatia sabuni kwenye beseni lililokuwa na maji nusu, nikakoroga kwa kidole, kisha nikainama kusikiliza kama daktari anayempima mgonjwa kifua. Tone lilianguka, nililiona kwa macho yangu, na halikutoa sauti. Fundi nilimwita baada ya majuma matatu, kwa kuwa haraka ilikuwa imeniisha.

Kwa kero ya pili sijapata sabuni. Mtu huketi kando yangu safarini, akapokea simu, akaanza: “Ehee... Alisema hivyo? Mbele ya watu wote?... Hapana, yeye usimwambie kwanza.” Asimwambie nani? Nami nina kitabu mkononi, nimeusoma mstari uleule mara nne, na akili yangu yote inashughulika kumtungia maneno mtu wa upande wa pili nisiyemjua. Watu wawili wakizungumza mbele yangu, hata kwa sauti ya juu, naweza kuendelea na yangu. Jambo hili nalo limepimwa: mwaka 2010, Lauren Emberson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha majaribio ambayo washiriki walifanya kazi za umakini kwenye kompyuta, kama vile kuifuata kwa kipanya nukta inayotembea, huku wakisikilizishwa maongezi ya simu. Waliposikia upande mmoja tu walivurugika zaidi kuliko waliposikia pande zote mbili, kwa sababu maneno ya mtu mmoja anayejibu hayatabiriki, na akili haiachi kuyakisia. Yupo msafiri ambaye nusura nimwombe aweke spika ili sote tusikie, ingawa ninajua kwamba ningejuta.

Hata hivyo, hakuna anayeimudu sanaa hii kama mtu anayetuma ujumbe wa maandishi: “Nina jambo nataka kukueleza, lakini si la kusema kwenye simu.” Akishautuma, huzima simu na kwenda kulala usingizi mnono. Rafiki yangu mmoja alinifanyia hivyo Ijumaa jioni. Hadi Jumapili nilikuwa nimekwisha kumuuguza, kumfukuzisha kazi na kumtenganisha na mkewe, na nilikuwa nimeanza kupanga namna ya kumpa pole bila kumtonesha. Jumatatu tulipoonana aliniuliza kama ninamfahamu fundi mzuri wa saa.

Nilimsimulia dada yangu kisa hicho kwa uchungu, nikitarajia kuungwa mkono. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanikumbusha kwamba hakuna mtu katika ukoo wetu anayesema “nilitaka kukwambia kitu... basi, acha tu” mara nyingi kama mimi, na kwamba amewahi kukosa usingizi kwa ajili ya “acha tu” yangu moja ya mwaka jana. Nikamuuliza ni ipi hiyo. Akanitazama kitambo, akachukua mkoba wake.

“Basi, kaka,” akasema, “acha tu.”