Baruku naye alitaka makubwa

Wiki hii kwenye jumuiya tumesoma Yeremia 45, sura ya mistari mitano tu, na nadhani wengi huwa wanairuka maana sura ya 44 ni habari za Wayahudi waliokimbilia Misri, ya 46 ni Misri tena, halafu hapo katikati kuna mtu mmoja analalamika. Huyo mtu ni Baruku mwana wa Neria, karani wa Yeremia. Ilikuwa Alhamisi na mpaka leo sura hiyo haijatoka kichwani.

Kazi ya Baruku ilikuwa hivi, Yeremia anasema, Baruku anaandika kwa wino, gombo zima, halafu anatumwa akalisome hekaluni kwa sababu Yeremia mwenyewe amezuiwa kuingia. Baadaye likamfikia mfalme Yehoyakimu, kakaa kwenye nyumba yake ya wakati wa baridi na moto unawaka, na kila kipande kikishasomwa anakikata kwa kisu anatupa motoni mpaka likaisha lote. Ikabidi Baruku aandike upya, na safari hii maneno yakaongezeka! Tena alikuwa na ndugu yake, Seraya, naye ni mwana wa Neria, huyo tunamkuta mbele kidogo ni mtu mkubwa wa serikali anasafiri na mfalme Sedekia kwenda Babeli. Yaani nyumba moja, mmoja yuko kwenye msafara wa mfalme na mwingine vidole vina wino. Na malalamiko yenyewe yameandikwa mwaka wa nne wa Yehoyakimu, gombo lilichomwa mwaka wa tano, kwa hiyo jamaa alishachoka hata kabla ya huo moto.

Mimi ni katibu wa kwaya kwa hiyo namuelewa vizuri mno. Katibu ndiye anachapa muhtasari, anafuatilia michango ya sare, anapiga simu za wasiofika mazoezini, na Jumapili ya mavuno mwaka juzi zikasomwa shukrani, mwenyekiti akatajwa, mwalimu, mpiga kinanda, mpaka aliyetukodishia spika, mimi hapana. Nikaenda kwenye mnada nje pale nikanunua mkungu wa ndizi kwa bei ya ajabu na moyoni najua kabisa nilitaka jina langu litajwe kwenye kipaza sauti mara moja siku hiyo. Lilitajwa. Ndizi zenyewe ziliiva zote kwa pamoja.

Sasa jibu la Mungu kwa Baruku ndilo limenikamata. Nilitegemea ama ampe pole ama amkaripie. Anaanza na habari zake Mwenyewe, kwamba niliyoyajenga nayabomoa, na niliyoyapanda nayang'oa, nchi yote hii. Ndipo anamuuliza, “Je! unajitafutia mambo makuu? Usiyatafute.” Nimelisoma hili miaka mingi kama kemeo tu, mtu anaambiwa akae chini. Lakini angalia anayesema ni nani, ni Mungu ambaye nyumba yake mwenyewe inaenda kubomoka, watu aliowatoa Misri kwa mkono wake wanaenda utumwani, na karani wake amekaa pembeni anawaza cheo. Baruku aliandika maneno yote ya uchungu wa Mungu kwa mkono wake na hakuyasikia, alisikia mgongo wake unavyouma. Hapo ndipo nilinyamaza kwenye jumuiya, wenzangu wakadhani nimekasirika.

Kwa sababu mimi naomba sana, hilo siwezi kujisingizia, ila nikijisikiliza maombi yangu Mungu ni kama ofisa wa dirishani napeleka fomu, afya yangu, kazi yangu, kiwanja changu, wanaonionea wivu. Na mahubiri mengi ya siku hizi yanatupalilia hapohapo, mwaka wa kuinuliwa, mwaka wa kuvuka, adui zako watakuona unakula. Watu wanashangilia na mimi nashangilia, ila ukikaa ukafikiri, Yesu yuko wapi humo? Ametajwa mwishoni, kwa jina la Yesu, amina.

Sisi Walutheri hata hatuna kisingizio. Luther alipokuwa anafundisha Warumi pale Wittenberg, 1515 mpaka 1516, alisema dhambi ni mtu kujikunja kuelekea ndani yake mwenyewe, kiasi kwamba hata vipawa vya Mungu anavivuta kwake, na hata anamtumia Mungu mwenyewe ili apate anachotaka. Hakuwa anasema wapagani peke yao. Mtu anaweza kujikunja hivyo akiwa amevaa joho la kwaya, na anatoa zaka, na anafunga.

Ambacho nimeanza kufanya ni kidogo na sijui kama nitakiweza. Naanza na Baba Yetu, ila sikimbii. Jina lako litukuzwe, nakaa hapo, Ufalme wako uje, nakaa tena, nauliza leo hapa mtaani kwetu ni kitu gani kinamuumiza Yeye. Mara nyingi hainijii sauti wala nini, inakuja sura ya mtu. Kuna mama mmoja wa sauti ya pili hajaja mazoezini muda mrefu na mimi kwenye daftari nilikuwa namwandika “hayupo bila taarifa” basi. Nimeenda kwake jana. Presha, na mjukuu mdogo ameachiwa amlee. Nikaosha vyombo, nikamsikiliza, hatukuongea habari za kwaya kabisa mpaka alipoanza mwenyewe kuimba sauti yake, akaniambia nyie soprano mnapiga kelele sana siku hizi, tukacheka.

Kuna mtu aliniuliza kwani kumweka Mungu katikati ni kuacha kuomba mahitaji yako, eti ndio utakatifu? Sioni hivyo, riziki imo kwenye sala hiyohiyo, ila imekuja baada ya Jina na Ufalme na Mapenzi yake, na hata hapo tunasema utupe, sisi wote. Baruku naye hakuondoka mikono mitupu, aliahidiwa uhai wake popote atakapokwenda, na wakati ule nchi inaungua hicho hakikuwa kitu kidogo. Kwa hiyo kiwanja bado nakiombea, hati haijatoka na mhusika hapokei simu, lakini siku hizi kiko huko chini kwenye foleni na juzi nilisema amina nikakumbuka baadaye kwamba sijakitaja.