Bodi ikishapitisha bado si sheria

Kila nikisikia mtu anasema "bodi imeshapitisha" kana kwamba mambo yameisha, roho yangu haitulii. Bodi ya sacco, ya chama cha soko, ya steji ya boda, inaweza kukaa ikajadili ikakubaliana wote kwa sauti moja kwamba kipengele fulani cha katiba kibadilike, na kesho yake asubuhi katiba bado ni ileile ya jana. Walichopitisha ni pendekezo tu. Katiba ya chama ni ya memba, na bodi iko na nguvu zile tu katiba imewapa, sasa watabadilishaje hiyo hiyo katiba ka yenyewe haijawaruhusu?

Kuna zile taratibu ndogondogo za ofisi, mfano fomu ya mkopo inajazwaje, ofisi inafunguliwa saa ngapi, hizo bodi inaweza kuzigeuza yenyewe ka imepewa ruhusa hiyo, hakuna ubaya. Lakini hisa ya chini, nani anaruhusiwa kuwa memba, bodi inakaa miaka mingapi, hivyo vikiwa vimeandikwa ndani ya katiba si vya bodi tena. Na hapo ndo watu wanapopitishiwa mambo, kitu cha katiba kinaitwa "utaratibu wa ofisi" alafu kinapita kimyakimya. Fungua katiba uangalie kimeandikwa wapi.

Sasa mimi ninachokipigania zaidi ni taarifa, hata kuliko kura. Kanuni za mikutano alizoandika Henry Martyn Robert, yule mhandisi wa jeshi la Marekani, zilizochapwa mara ya kwanza 1876 na vyama vingi duniani bado vinazifuata, zinasema ka katiba ya chama haijaweka masharti yake yenyewe, kuibadilisha kunataka vitu viwili pamoja: taarifa ya mapema na theluthi mbili ya kura, au ka taarifa haikutolewa, kura za zaidi ya nusu ya memba wote wa chama. Theluthi mbili kila mtu anaikumbuka. Taarifa inasahaulika. Na kwangu mimi taarifa ni memba kuletewa maneno yenyewe, kipengele cha sasa kinasemaje na kipya kitasemaje, siku za kutosha kabla ya mkutano, kwa lugha anayoielewa. Kuna kikundi nilikuwa memba hapa Busia, upande wa Uganda, tuliletewa mstari mmoja tu kwenye wasapu, "marekebisho ya katiba", basi. Karatasi zikagawiwa mkutanoni wakati soda zinapita. Mama anayeuza mukene, wale dagaa, amefunga meza yake tangu asubuhi, biashara ya siku imepotea, anapewa kurasa za Kiingereza asome kwa dakika chache alafu anaambiwa anyoshe mkono. Wengi walinyosha, na siwalaumu hata kidogo, ila ile siwezi kuiita idhini.

Faida ya taarifa utaiona mjadala ukianza. Tuseme hisa ya chini ni shilingi 20,000 na bodi inapendekeza iwe 50,000. Memba anaweza kusimama akasema jamani tuweke 30,000, sawa kabisa, manake kila mtu alishajua tunazungumza kati ya 20,000 na 50,000. Lakini akitokea mtu akasema hapana tupeleke 100,000, mwenyekiti anatakiwa akatae palepale, na akitokea mwingine akasema tushushe iwe 10,000 pia akatae, hata ka ukumbi mzima unapiga makofi. Kwa nini? Kwa sababu kuna memba amebaki nyumbani na mtoto mgonjwa, alisoma taarifa akaona 50,000 anaimudu, akaona hakuna haja ya kuja, huwezi kumbebesha 100,000 wakati hayupo. Hii kanuni naipenda kuliko zote, inamlinda asiyekuwepo, na kwenye vyama vyetu wasiokuwepo ndo wengi.

Na msikubali kuambiwa "hii imetoka bodi haiguswi". Pendekezo la bodi lina nafuu moja, halihitaji mtu wa kuliunga mkono ndo lijadiliwe, manake tayari watu zaidi ya mmoja wanalitaka. Zaidi ya hapo ni hoja ka hoja nyingine, memba wanalijadili, wanalirekebisha, wanalikataa wakitaka.

Alafu hesabu. Theluthi mbili ya nini? Chama kina memba 90, wamekuja 60, waliopiga kura 45, wengine wamekaa kimya. Ukihesabu waliopiga kura unahitaji 30, ukihesabu waliohudhuria unahitaji 40, ukihesabu memba wote unahitaji 60, yaani kila mtu aliyekuja. Kwa kanuni za Robert ka hamjaandika lolote ni waliopiga kura tu, aliyekaa kimya hahesabiwi. Katiba yetu ya nchi ya 1995 ilichagua njia ngumu zaidi, kuibadilisha kunataka theluthi mbili ya wabunge wote, mara mbili, hoja ikisomwa mara ya pili na tena mara ya tatu, na kwa baadhi ya vipengele vyake katikati lazima zipite siku zisizopungua 14 za vikao vya Bunge. Hizo siku mimi naziona ni za maana sana, watu wanapata muda wa kulala na jambo na kuuliza wenzao. Kikundi cha memba 90 hakihitaji kufika huko, lakini kiandike wazi theluthi mbili inatoka wapi, na kiandike kabla ya siku ya ugomvi.

Na mkishapiga kura, mkashinda, mkapiga vigelegele, kwa chama cha ushirika hapa Uganda bado hamjamaliza. Sheria ya vyama vya ushirika inasema mabadiliko hayana nguvu mpaka yasajiliwe na Msajili. Kwa hiyo mhazini wenu akianza kukata kwa kiwango kipya Jumatatu baada ya mkutano, mwombeni kwa heshima awaonyeshe karatasi ya usajili, na ka haijatoka, akate kwa kile cha zamani mpaka itoke.