Safu ya mengineyo

Januari 1998, mwezi wa Ramadhani, mjomba wangu aliyekuwa mwenyekiti wa kitongoji alinikabidhi kaunta buku. "Wewe ndiye mwenye mwandiko. Twende ukaandike hasara za watu." Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, kazi sina.

Wengi hudhani mafuriko huja na mvua. Kwetu Bagamoyo, bondeni mwa Ruvu, huweza kuja jua likiwaka, maana mto unateremka toka milima ya Uluguru. Ikinyesha Morogoro, sisi mzigo tunaupata baadaye. Vuli ile ilianza Oktoba, Desemba ikapita, ikagoma kuisha. Redioni walisema bahari ya Pasifiki imepata joto, hiyo ndiyo El Nino. Kijijini jina likawa la mvua yenyewe: "Elinino hiyooo, anueni nguo!"

Tulipita na mtumbwi juu ya mashamba. Mahindi yalibaki mbelewele tu, kila moja imejaa sisimizi waliokosa pa kwenda. Mjomba alikuwa ameukata upondo alama kwa panga, kila futi moja. Anausimamisha mlangoni, mimi nasoma. Futi mbili. Futi tatu. Kwa jirani yetu, futi nne na shubiri. Udongo wa kuta ulikuwa umemung'unyuka, zimebaki fito na makuti. Na kufunga huku umezungukwa na maji, jamani! Ingawa yale yalinuka choo.

Waliohama tuliwakuta kwenye mwinuko wa shule. Mzee mmoja akataja mbuzi 12. Hajawahi kufikisha hata wanne. Mjomba akamtazama, akaniambia, "Andika. Labda walikuwa na mimba."

Kisha bibi mmoja, jirani wa mama yangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Nyumba?"

"Kwani unaiona?"

Nikaandika nyumba 1, mahindi ekari 1, kuku 6. Nilipotaka kufunga daftari akanishika mkono.

"Na mkeka. Wa rangi. Ukili nimeshona wote, nimebakiza kuupinda. Wa arusi ya binti yetu, mfunguo mosi."

Fomu tuliyopewa tuifuate ilitaka watu, nyumba, ekari, mifugo. Mjomba akasema, "Safu hiyo haipo, mama."

"Basi mwambie mtoto aichore."

Nikapiga mstari pembeni, ukaenda upogo, juu nikaandika *Mengineyo*. Waliokuwa wamekaa nyuma wakasogea. Cherehani. Msahafu wa marehemu baba. Mlango wa mninga, uliokwenda na maji na komeo lake. Mwenye mbuzi 12 akarudi, safari hii kwa sauti ya chini: redio.

Usiku, baada ya futari, nilinakili fomu ya kupeleka wilayani. Safu yangu haikuingia. Kaunta buku ninayo mpaka leo, kurasa zimevimba, na ukurasa wa tatu unasomeka: mkeka wa rangi 1, haujapindwa.