Kutoka Amani Hadi Mkomazi, Tukifuata Popo

Tulishuka Muheza jua limeshakuwa kali, tukafunga mizigo kwenye bodaboda na kuanza kupanda Usambara Mashariki. Mwenzangu ni dada anayesomea wanyamapori. Alikuwa na kibali cha TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania, chanjo ya kichaa cha mbwa mwilini, na mifuko ya kitambaa mingi kuliko nguo zake. Kazi yangu ilikuwa kubeba miti ya nyavu na kuuliza maswali.

Ukishapita Sigi, joto linabaki chini. Njia inazunguka kwenye kivuli, iliki na mdalasini vimepandwa chini ya miti mikubwa, kisha unatokea Amani, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902. Mvua hapa hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Ilikuwa Novemba, na shati nililoanika asubuhi nililivaa jioni likiwa bado bichi.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa Kisambaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Hao popo mnawatakia nini, dawa?"

"Hapana mzee, tunawapima tu, halafu tunawaachia."

"Mnawapima, mnawaachia." Akatazama nyavu, akatutazama sisi. "Haya."

Tulitega kando ya kijito, mahali ambapo matawi yanakutana juu ya maji na kuacha uwazi mwembamba. Wa kwanza kunasa alikuwa mdogo, na uso wake sikuwa nimewahi kuuona kwa karibu. Ngozi imezunguka pua kwa umbo la kwato la farasi, juu yake kuna kipande kilichochongoka kama mkuki, na masikio hayatulii. Dada alimfungua bawa moja taratibu. Lilikuwa fupi na pana. Bawa la namna hiyo halimpi popo mbio, ila linamwezesha kugeuka ghafla kati ya majani.

Popo wa kundi hili hutoa sauti kwa pua, sauti ya juu mno ambayo sikio la mtu haliipati, tena huishikilia bila kuibadilisha. Msituni kila jani hurudisha mwangwi. Lakini mwangwi unaotoka kwa nondo hutikisika, maana mabawa yake yanapigapiga, na mtikisiko huo ndio popo anaoufuata. Mmoja wa jamii hii wanaoishi misitu ya pwani na Usambara amepewa jina la Baron von der Decken, msafiri Mjerumani aliyeuawa kwenye mto Juba mwaka 1865. Sijui popo alimkosea nini.

Usiku ulipoendelea alinasa popo wa matunda, manyoya laini, kidevu kimelowa, na mfuko aliowekwa ukabaki na kinyesi kilichojaa mbegu za mkuyu. Mikuyu haizai yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo kwenye msitu wenye mikuyu ya kutosha popo hakosi pa kwenda. Mzee alipoona mbegu zile akasema hata mvule hupandwa nao, jambo ambalo wanasayansi nao wanalisema. Yuko popo mwingine mdogo wa matunda, Myonycteris relicta, aliyetambulishwa kwa sayansi mwaka 1980 kutoka Shimba Hills, upande wa Kenya. Usambara pia yumo. Tulimngoja, hakuja. Na wapo wadogo zaidi wenye manyoya ya kujikunja wanaolala kwenye viota vilivyoachwa na ndege. Hao nao hatukuwaona, na sishangai: nyavu zetu zilifika kimo cha mtu na nusu, ilhali msitu unaendelea juu mita nyingi.

Kushuka tena, basi hadi Segera, Korogwe, Mombo. Baada ya Mombo unaona kwa macho jinsi milima inavyoitenga nchi. Mawingu ya Bahari ya Hindi humwaga maji upande wa mashariki, na yanayovuka yanavuka mikono mitupu. Hadi Same ni mkonge, vumbi na kikwata. Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2008, iko nyuma ya milima ya Pare, ikishikana na Tsavo Magharibi ya Kenya. Nilitegemea tutakuwa na usiku mrefu wa kungoja bure.

Haikuwa hivyo. Kwenye bwawa, askari wa hifadhi akiwa na bunduki begani, jua lilipozama popo walianza kushuka mmoja mmoja, wakachota maji kwa mdomo bila kusimama, wakapaa. Wengi walikuwa na mabawa marefu na membamba, na mkia uliochomoza nje ya utando. Hawa ni popo wa anga wazi, hawawezi vichochoro vya Amani. Kifaa cha kunasia sauti kilitoa milio mizito, iliyoachana. Sauti nyembamba humezwa na hewa upesi. Anayetafuta mdudu aliye mbali hutumia iliyo nzito kidogo.

Mchana askari alituonyesha mgunga uliokuwa na popo wawili, dume na jike, wakining'inia waziwazi. Manyoya ya kijivu, mabawa na masikio ya rangi ya chungwa iliyokoza. Hawakulala. Macho yalikuwa wazi, wakitufuata kila tulipohama. Wana gramu 30 hivi, na hukaa kwenye eneo lao wawili wawili. Mgunga ukichanua huleta wadudu, na wao huwinda kutoka tawini.

Ndani ya mbuyu wenye pango kulikuwa na wengine, wenye pua ya umbo la moyo. Hawa usiku hukaa kwenye tawi la chini na kusikiliza miguu ya mbawakavu, tandu na nge juu ya majani makavu. Ardhi kavu ndiyo inayowasaidia, maana kwenye majani yaliyolowa ya Amani tandu hapigi kelele. Watafiti waliowafuatilia karibu na Moshi wameonyesha kwamba huimba usiku kulinda maeneo yao ya kuwindia, na wimbo huo mtu anausikia bila kifaa. Mbuyu wenyewe huchanua Novemba hivi, ua linafunguka jua likizama na kuanguka kesho yake, na popo wa matunda ndio wanaolihudumia.

Kwa hiyo neno kwamba nyika ni msitu uliopungukiwa mimi silikubali tena. Wengi wa popo tuliowaona Mkomazi wangepata shida Amani, na wa Amani wangekufa kiu Mkomazi. Tena kwenye nyika mti mmoja wenye pango una uzito kuliko msituni. Ukikatwa mbuyu ule kundi zima halina nyumba, na mwingine wa kiasi hicho huchukua mamia ya miaka.

Isipokuwa wale wa mkia uliochomoza. Hao wamejipatia paa za bati. Kwenye gesti tuliyofikia Same, mama mwenye nyumba alitusikia tukizungumza.

"Wanangu, kumbe nyie ni wataalamu! Darini kwangu wamejaa, na harufu hii wateja wanakimbia. Nifukize?"

"Usifukize mama," dada akasema. "Watakufa humo humo, harufu izidi. Subiri watoto waanze kuruka, halafu jioni wakishatoka wote, fundi azibe tundu."

"Mbu wanakula?"

"Wanakula wadudu wengi, mama, ila zaidi mbawakavu na nondo."

Mama akafikiri, akasema basi watasubiri. Sisi akatuhamishia chumba cha nyuma.